Krimu Kali na Amana ya Ngozi

Mumias imekuwa na Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na wamisionari wa Friends, yaani Quaker, walifika Kaimosi, iliyokuwa zamani ndani ya wilaya ya Kakamega, mwaka 1902. Hivyo mtu wa Kakamega, awe wa msikitini au wa kanisani, amelelewa akisikia kwamba mwili wake si mali yake peke yake. Mwislamu huuita amana. Mkristo amesikia Paulo akiwaambia Wakorintho kuwa ni hekalu. Fundisho hilo linadai nini kwa mtu aliyeshika tyubu ya krimu kali ya steroidi, huku ngozi ikimwasha usiku kucha?

Wapo wanaojibu upesi: aitupe, maana steroidi ni sumu. Jibu hili linaonekana la kicho, lakini naliona limekosea. Aliyeachiwa ng'ombe wa jirani, kisha akaogopa dawa ya josho hadi kupe wakamwua, hawezi kujitetea kwamba hakumgusa. Amana hutunzwa kwa kutenda. Ukurutu humnyima mtoto usingizi, naye hujikuna hadi ngozi ipasuke na vijidudu viingie. Tangu 1952, madaktari wa ngozi Sulzberger na Witten walipoonyesha kwamba aina ya haidrokotisoni ikipakwa hutuliza ukurutu, watu wengi wamepata nafuu ambayo wazazi wao hawakuijua. Kumnyima mtoto nafuu hiyo kwa sababu ya uvumi nako ni kuvunja amana.

Lakini anayetenda lazima ajue ameshika nini. Haidrokotisoni na klobetasoli ni steroidi za ukoo mmoja, ila katika vipimo vya maabara klobetasoli imeonekana kuwa na nguvu hadi mara 600. Tyubu zao zinaweza kufanana. Kiasi ambacho kiganja kigumu kinakistahimili, kope na kinena hukifyonza kwa wingi. Ikipakwa miezi mingi ngozi huwa nyembamba, michirizi isiyofutika hutokea, mishipa midogo huonekana usoni, na karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho. Ikienea mwilini kwa wingi, hasa kwa mtoto, tezi zilizo juu ya figo hulegea katika kazi yake. Tena kuna hatari ninayoiona kuwa ya kimaadili zaidi kuliko zote, nayo ni kunyamazisha. Steroidi hutuliza mwasho kwa kuzuia kinga ya ngozi, haiui kuvu. Katika hewa yenye unyevu kama ya Kakamega, choa, ambayo wengi huiita mashilingi, hustawi kwa urahisi. Akipakwa steroidi, mgonjwa huona wekundu umepungua na kumshukuru Mungu, kumbe kuvu inatambaa chini kwa chini, imebadilika sura hata mtaalamu huenda asiitambue. Mwasho ulikuwa shahidi. Kumtuliza shahidi ni halali baada ya kumsikiliza.

Atasema mtu: ngozi ni yangu, nikitaka kuing'arisha kwa krimu hiyohiyo, nitakayeumia ni mimi. Si kweli kabisa. Atakayeumia ni mtu wa miaka kumi ijayo, ambaye leo hawezi kuulizwa. Hata asiyeamini Mungu anaweza kuona kwamba mwili wa leo tunamtunzia huyo wa kesho. Mkazo wangu hapa si lawama kwa anayejichubua. Wapo wafanyabiashara waliomfundisha kuichukia rangi yake, nao ndio nawalaumu.

Pingamizi la uchumi ni zito zaidi. Wa Malava au Shinyalu apate wapi nauli, ada na siku nzima ya kumtafuta daktari wa ngozi? Nalikubali, na ndiyo maana nasema amana hii haiwezi kubebwa na mgonjwa peke yake. Anayeuza krimu kali bila kuuliza itapakwa wapi na kwa muda gani amejitwika sehemu ya amana hiyo, ajue asijue. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa mwaka 1992 kwa kuelewa kwamba madaktari bingwa hawatoshi, hivyo kikawafunza maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika. Ujuzi unaweza kushuka hadi kaunta ya duka la dawa. Krimu inayokamuliwa toka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Klobetasoli haipakwi mfululizo zaidi ya wiki mbili, wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki, na usoni haina nafasi bila daktari. Aliyeipaka miezi mingi asiikatize ghafla peke yake, kwa kuwa ngozi inaweza kuwaka upya. Amwone mhudumu wa afya ampangie namna ya kuipunguza. Kuyasema haya huchukua dakika mbili, na mwenye duka anazo.