Sikio Lisilouma

Alikuwako dereva wa bodaboda, kijiwe chake Mbagala Rangi Tatu, aliyeamka asubuhi akapokea simu ya abiria asisikie kitu. Akailaani simu, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaipiga, ikaita vizuri tu. Kijana alipoihamishia sikio la kulia, akamsikia fundi anacheka.

Sikio la kushoto lilikuwa limekufa usiku. Halikuuma wala halikutoa usaha. Lilivuma mfululizo na kujaa kama lililoingia maji. Hapo ndipo ugonjwa huu unapowapata watu. Jino likiuma usiku utaamsha nyumba nzima, ila sikio likizimika bila maumivu, na la pili likiwa zima, mtu hupanda pikipiki akaenda kazini.

Duka la dawa wakamuuzia matone ya kulainisha nta. Yalipoisha, wakamuuzia antibayotiki. Kijiweni, mzee mmoja akamwapia mafuta ya vuguvugu ya kitunguu saumu, maana yeye yalimzibua. Mzee hakudanganya. Katika wanaopoteza usikivu ghafla, kati ya theluthi moja na theluthi mbili hupata nafuu, japo kiasi, hata wasipotibiwa. Kitunguu kikitangulia kidogo kabla ya nafuu hiyo, sifa zote ni zake. Waliobaki viziwi hawasimulii kijiweni.

Na kulikuwa na jaribio la bure ambalo hakuna aliyemwambia. Funga mdomo, uvumishe sauti puani. Ukiisikia zaidi kwenye sikio bovu, huenda ni nta au uzibe mwingine. Ikikimbilia sikio zima, shaka iangukie mshipa wa fahamu, na siku hiyohiyo utafute daktari.

"Lilianza lini?" daktari wa masikio alimuuliza hatimaye.

"Kabla ya Ramadhani, daktari."

Idi ilikuwa imepita wiki kadhaa. Daktari akagonga kichuma chenye panda, akakiweka katikati ya paji la uso. Mvumo ukaenda kulia. Akampeleka chumba cha kupima usikivu, kisha akamweleza asiyotaka kuyasikia. Dawa yake ni vidonge vya prednisolone, si vya ajabu wala vya bei kubwa. Hufaa zaidi vikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo, na hata hivyo haviponyi kila mtu. Vikishindwa, dawa ya jamii hiyo huweza kupigwa sindano kupitia ngoma ya sikio hadi kama wiki ya 6. Baada ya hapo matumaini ni haba. Wala asitokee mtu akavinunua mwenyewe: hupandisha sukari, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Kijana akakumbuka kusikia kwamba Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu. Ni kweli, tangu 2017, lakini huduma ile ni ghali na imewalenga hasa watoto wasiosikia kwa masikio yote mawili.

Lililomtoa barabarani ni honi. Ubongo hujua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha masikio mawili. Mwenye moja husikia lori linapiga honi Barabara ya Kilwa asijue likwepwe kushoto au kulia. Baada ya kukoswa mara mbili, pikipiki alimkabidhi mdogo wake, ambaye humletea hesabu kila jioni.