Je, Kusamehe ni Kufunika?



Katika Mathayo sura ya 2 tunasoma jinsi Herode alivyoamuru watoto wa kiume wa Bethlehemu wauawe. Habari hiyo sisi hatuisomi kama wageni. Ndiyo maana tunapenda kuwaeleza juu ya picha moja ya zamani kutoka Flanders, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji, na ambayo ilitoa wachoraji wakubwa.

Aliyeichora ni Pieter Bruegel, aliyefariki Brussels mwaka 1569. Yeye hakuchora Bethlehemu ya mbali. Alichora kijiji cha kwao wakati wa baridi, theluji imefunika mapaa, askari wamejaa njiani, wengine wanavunja milango. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Philip wa Pili, mfalme wa Hispania.

Baadaye picha ikawa mali ya Kaisari Rudolf wa Pili huko Prague, ambaye alikuwa mpwa wa Philip. Ndipo watoto wakafunikwa kwa rangi. Juu ya huyu pakachorwa ndege, juu ya yule furushi, wengine wakageuzwa mifugo na vyakula. Mauaji yakawa uporaji tu. Hata leo, picha hiyo ikiwa katika hazina ya wafalme wa Uingereza, inaonekana hivyo. Lakini zipo nakala, nyingine za mwanawe Bruegel, ambazo ndani yake watoto bado wanaonekana.

Tena aliyefunika watoto hakubadilisha mama zao. Mmoja ameketi katika theluji akililia furushi lililo mapajani. Ni nani anayelia hivyo kwa ajili ya nguo?

Sasa tujiulize: je, kusamehe ni kufunika? Wako wazee wanaosema tusizungumze yaliyopita, watoto wetu wasije wakakua na chuki. Neno hilo lina hekima. Mtoto mdogo habebeshwi mzigo wa mtu mzima, na kunyamaza kwa muda si uongo. Lakini kusema ni furushi pale palipo na mtoto, huo ni uongo. Mwenye duka anayefuta deni hufungua kwanza daftari, aone ni kiasi gani. Asiyetaka kuona kiasi hajasamehe, ameficha daftari tu.

Wapendwa, liko jambo gumu zaidi. Picha ile haikufunikwa na mama waliofiwa. Ilifunikwa katika nyumba ya Kaisari, ambaye mjomba wake ndiye aliyetawala nchi ile. Na sisi je? Tunapokaa kwenye foleni ya maji, waliyotutenda wengine tunayaeleza pamoja na damu yake yote. Ya vijana wa upande wetu tunasema, "Walichukua mbuzi tu." Hata sisi wachungaji tumekosa hapa. Tumewaombea wafu wa kwetu kwa majina, na wafu wa wenzetu tukawapitia kwa neno moja, "matatizo". Kumbe ng'ambo ya mto, au hata katika kijiji cha pili humu humu kambini, yuko mama anayejua lile furushi lilikuwa nani.

Mungu hahitaji tumfunikie kitu. Roho ya Habili ilipotoka, damu yake ililia kutoka ardhini, naye akasikia. Maungamo yetu yaanzie hapo.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Siku ya kufunga na kuomba, kila familia itaje wafu wake kwa majina. Kisha tunyamaze kidogo, na kila mmoja amwombee mama mmoja wa upande mwingine, ambaye mtoto wake sisi tulimwita mbuzi. Hapo ndipo msamaha unapoanza, kwetu na kwao.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.