Kujumuishwa katika Nini?

Mwaka 1917 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitoa amri iliyomlazimu mwanamume wa kijijini kulima, kwa siku 60 kila mwaka, mazao yaliyochaguliwa na utawala. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za koloni kulimishwa pamba. Ofisa alikuja akapima shamba, akaandika jina, akarudi kukagua. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Kusini mwa Maniema, wa vijiji vya Kasongo na wa porini Kabambare, wa ukoo mkubwa na wa ukoo mdogo, wote waliandikwa. Pamba yao ilifika kwenye viwanda vya Ulaya kwa bei ambayo hawakuulizwa.

Naanza na pamba kwa sababu siku hizi kila mpango wa maendeleo unaahidi ukuaji endelevu na jumuishi. Maneno hayo yamo katika lengo la 8 la Umoja wa Mataifa lililopitishwa mwaka 2015, na yalikwisha kutangulia katika ripoti ya Tume ya Ukuaji na Maendeleo iliyotoka mwaka 2008 chini ya Michael Spence. Nyuma ya maneno hayo kuna picha moja: uchumi ni nyumba yenye neema, maskini wamesimama nje, na sera njema ni ile inayowafungulia mlango. Ukiipeleka picha hiyo kusini mwa Maniema, inakataa kukaa. Watu wa huko wamekuwa ndani kwa karne moja na nusu.

Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu, na Kabambare ikawa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilizobebwa kwenye njia hiyo zilifika Zanzibar, na kutoka Zanzibar zikaenda London na Connecticut kutengenezwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Wazungu waliofika Kasongo walistaajabia mashamba yake. Mpunga ulistawi, na mchele ungali chakula na biashara ya Kasongo hadi leo, kama vile Kiswahili kilichokuja na waungwana wa misafara kingali lugha ya soko. Ukuaji ulikuwepo, tena wa kuonekana kwa macho. Ila miongoni mwa wapagazi wa misafara ile walikuwemo watu walionunuliwa na kutekwa, na huko Nyangwe, si mbali na Kasongo, David Livingstone alishuhudia mwezi Julai 1871 watu wakiuawa kwa risasi sokoni. Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis lilipoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, kilichobadilika ni mwenye amri. Mpagazi alibaki mpagazi.

Kwa hiyo swali langu si kama watu wa Kasongo na Kabambare wamejumuishwa. Nauliza wamejumuishwa katika nini, na kwa uwezo gani. Mwanauchumi Amartya Sen aliligusa jambo hili mwaka 2000 alipoandika kuhusu kutengwa: alisema kuna madhara ya kuachwa nje, na kuna madhara ya kuingizwa ndani kwa masharti mabaya, na tiba za maradhi haya mawili hazifanani. Anayeachwa nje anahitaji njia. Aliyeingizwa vibaya anahitaji uwezo wa kukataa. Sera zetu nyingi zinashughulikia la kwanza na kulisahau la pili.

Najua jibu litakalotolewa. Mama anayepanda mpunga pembeni mwa Mto Lualaba hana haja na falsafa ya kukataa. Anataka barabara, dawa na bei nzuri. Ni kweli, na hakuna wa kumpinga. Lakini tuitazame bei yenyewe. Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare ikiharibika, mvua ikinyesha na malori yakiacha kuja, mchele unasafiri kwa baiskeli. Vijana wanapakia magunia, wanasukuma kwa miguu siku baada ya siku, na wanaponea yale wanayoyapata njiani. Reli ipo upande wa pili wa mto, Kindu iliunganishwa na Kongolo tangu mwaka 1911, lakini treni haina siku ya kutegemewa. Katika hali hiyo mfanyabiashara mmoja akifika kijijini na gari, bei ni ile aliyokuja nayo. Mkulima ana mawili tu: auze kwa bei hiyo, au mpunga uozee ghalani. Barabara ina thamani kwake hasa kwa sababu inamleta mnunuzi wa pili. Mbele ya mnunuzi wa pili ndipo mkulima anaweza kumwambia wa kwanza: hapana, bei hiyo siitaki.

Huyo mnunuzi wa pili ndiye kipimo ninachokipendekeza. Mwaka 2022 uchumi wa Kongo ulikua kwa zaidi ya asilimia 8, nguvu yake kubwa ikitoka kwenye shaba na kobalti za kusini. Takwimu hiyo haisemi kama mtu mmoja wa Wamaza au Salamabila, huko Kabambare, ameongezewa jambo analoweza kulikataa bila kulala njaa. Ukuaji usioongeza uwezo huo unaweza kuwafikia watu wote, kama pamba ilivyowafikia, na bado ukawa amri tu.

Dhahabu inalionyesha hili kwa ukali zaidi. Huko Namoya, wilayani Kabambare, madini yalichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni ya Banro ya Kanada ilijenga mgodi mkubwa na kutangaza mwanzo wa uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakijitafutia kwenye vilima vile walitakiwa kuondoka. Mivutano ikazidi, makundi yenye silaha yakaingia kati, misafara ya magari ikashambuliwa, na mwezi Septemba 2019 kazi zikasimamishwa. Kwa miaka hiyo michache wapo waliopata mshahara, na mji wa Salamabila ulichangamka. Kilichobaki baada ya mashine kunyamaza ni swali la uendelevu ambalo hakuna ripoti ya mwaka ya kampuni ingeweza kulijibu.

Tume ya Spence ilizichambua nchi 13 zilizokua kwa asilimia 7 au zaidi kwa robo karne au zaidi. Kutoka Afrika bara iliyomo ni Botswana peke yake, nchi ya almasi. Wengi husema siri yake ni utawala safi, na nakubali. Ila naona jambo jingine: Botswana ilikaa mezani na kampuni ya De Beers ikiwa na uwezo wa kudai, mpaka ikapata nusu ya kampuni ya Debswana. Kabambare haijawahi kuwekewa kiti kwenye meza kama hiyo.

Kuna kisa kingine cha Kasongo ambacho kinastahili kujulikana na kila anayepanga maendeleo. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp waliendesha huko mradi wa afya ya msingi uliokuja kufahamika mbali sana na Maniema. Mwaka 1981 walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti kuhusu chanjo ya surua. Watoto waliochanjwa walikufa kwa uchache zaidi, lakini walipozidi kukua tofauti kati yao na wasiochanjwa ilionekana kupungua. Timu ilihofia kwamba baadhi ya waliookolewa na surua walikuwa wakichukuliwa na maradhi mengine ya umaskini uleule. Watafiti wa baadaye, hasa waliofanya kazi Guinea-Bissau, walilipinga hitimisho hilo na kuonyesha kwamba faida ya chanjo ni kubwa na inadumu. Chanjo, basi, na iendelee bila kusita. Lakini hofu ya Kasongo bado inanigusa, kwa sababu ni hofu ya watu waliokataa kujivunia jambo moja lililofanikiwa. Walitaka kituo cha afya kinachomjua mtoto yuleyule mwaka hadi mwaka. Wazo la aina hiyo lilienea katika kanda za afya ambazo Zaire iligawanywa miaka ya 1980.

Mpango wa sasa wa maendeleo ya wilaya 145 unajenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, na usawa huo wa kugawa una heshima yake. Bado, jengo linaloamuliwa Kinshasa linaweza kusimama Kabambare bila kuongeza uamuzi wowote Kabambare. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, iliyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Kwa vitendo fedha hupanda Kinshasa kwanza, kisha jimbo husubiri kurudishiwa, na kinachorudi ni pungufu. Anayesubiri kurudishiwa haki yake hawezi kupanga mwaka wake, sembuse kizazi chake.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ilisogea mbele kidogo. Mrabaha hugawanywa: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inatakiwa pia kukubaliana na wenyeji juu ya miradi ya jamii na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Ni hatua halisi, na watu wa Kabambare wana haki ya kuidai senti kwa senti siku mgodi utakapofanya kazi kwa utulivu. Katika mazungumzo hayo wataulizwa wachague zahanati au kisima, shule au daraja. Kama kilima kichimbwe au kiachwe, nani ahame, na mchimbaji mdogo apewe eneo gani la kwake, hayo yanakuwa yamekwisha kuamuliwa kabla kikao hakijaitishwa. Mazungumzo yanapaswa kuanzia hapo, kabla ya kibali kutiwa saini, wenyeji wakiwa bado wana neno la kukataa.