Twahara ya Udongo Wenye Risasi

Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Mji wa Kale wa Mombasa, ardhi iliyoingiwa na mkojo hutwahirika kwa kumiminiwa maji, na udongo safi hutumiwa kutayamamia pale maji yanapokosekana. Hukumu hiyo inahusu najisi, yaani uchafu uliobainishwa na sharia. Risasi, madini mazito yanayoharibu ubongo wa mtoto, haimo humo, hivyo udongo wa Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa bara kilichochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, waweza kuitwa twahara huku ukidhuru.

Maji matupu hapo hayatoshi, kwa kuwa risasi hung'ang'ania chembe za mfinyanzi. Wanakemia huuosha udongo uliochimbwa kwa asidi au kwa kemikali iitwayo EDTA, ambayo huikamata risasi na kuiyeyusha majini. Lakini maji hayo nayo huwa sumu, na yasiposafishwa, dhara limehamishiwa kwa jirani tu. Kanuni ya fiqhi kwamba dhara haliondolewi kwa dhara jingine inaligusa jambo hili kuliko mlango mzima wa twahara.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe katika miezi minne. Fidia humlipa aliyekwisha kudhurika, haimkingi atakayezaliwa hapo. Kwa hiyo amri ya kusafisha ndiyo nzito zaidi.