Uwanja wa asiye na kasi

Mwaka 2016 kule Rio, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wanariadha wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana. Mkimbiaji wa Kenya, Tegla Loroupe, ndiye aliyewafuata huko, akaandaa mbio za mchujo kwenye vumbi lile, kisha wakapelekwa Ngong kujifua. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, akabeba bendera, nasi tuliokuwa mbele ya runinga tukafuta machozi. Heshima yangu kwa Tegla haijapungua hata chembe.

Ila Kakuma na jirani yake Kalobeyei leo zina watu karibu 300,000. Nawawaza wale ambao hawatapanda ndege kamwe.

Siku ya kambini ni ndefu. Mtu aliingia akiwa mtoto wa miaka minane, sasa ana watoto wake. Kutoka nje ya kambi ni kwa kibali, kazi ni ya kubahatisha, na akiamka asubuhi kazi yake kubwa ni kungoja: mgao, simu ya kuhamishiwa nchi nyingine, habari za waliobaki nyumbani. Kungoja kwa namna hiyo kunaula mwili. Usingizi unapaa, mgongo unauma bila kubeba mzigo, kijana mwenye nguvu zake anashinda amelala kifudifudi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto saa moja kila siku. Halikusema ni kwa wenye vipaji.

Jioni moja nilikaa pembeni mwa uwanja huko Kakuma, wasichana wakicheza kandanda. Mistari ilikuwa imechorwa kwa kijiti, na upepo uliifuta hata kabla ya mapumziko. Beki mmoja alifika na mdogo wake mgongoni. Akamfungua kwenye leso, akamkabidhi mchezaji wa akiba, akaingia kukaba. Kila kocha alipofanya mabadiliko, mtoto naye alibadilisha mikono: anayetoka anampokea, anayeingia anakimbilia nafasi yake. Yule mtoto alikuwa na ganda la ndizi mkononi na hakulia hata mara moja. Kocha, kijana wa Kikongo, alikuwa amemhesabu katika mpango wake wa mechi. Angepiga marufuku watoto uwanjani, wasichana wengi wangebaki nyumbani, na ripoti ingeandikwa kwamba hawapendi michezo.

Kazi ya michezo kambini ndiyo hiyo, na haina picha nzuri ya kupeleka kwa wafadhili. Ni kujua kwamba saa tisa alasiri jua la Turkana halina huruma, na kwamba asubuhi wasichana wako bombani na mitungi. Ni sodo, na mwalimu wa kike ambaye mama hataogopa kumwachia bintiye. Ni kuchanganya timu, maana ukiziacha zijipange kwa mataifa, ugomvi uliowafukuza watu kwao utahamia kwenye goli. Na ni kurudi wiki ijayo, na mwezi ujao. Nimeona mipira ikigawiwa kwa shangwe, fulana zikavaliwa, kamera zikapiga, kisha mradi ukafika mwisho na kocha akatoweka. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara nyingi hivyo hastahili kuachwa tena na mtu mwenye filimbi.

Cindy Ngamba alipotwaa shaba ya ndondi kule Paris mwaka 2024, medali ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi, nilishangilia. Nikahofia pia kwamba kila mwenye fedha sasa atataka Ngamba wake, na uwanja utawafungia mlango mama mwenye kisukari, kijana asiyelala usiku, na yule beki ambaye, kusema kweli, mpira haumkubali sana.

Lililo zito zaidi ni chakula. Mwaka 2025 mgao wa Kakuma ulikatwa vibaya kwa kukosekana fedha. Niliongea na kocha yule kwa simu. "Mama," akaniambia, "siwezi kumwambia mtoto azunguke uwanja mara kumi na jana hakula." Amefupisha mazoezi, na siku nyingine wanakaa tu kivulini, wanaongea, wanapasiana mpira wakiwa wameketi. Hata hivyo wanakuja.

Shirika lolote litakalokwenda huko mwakani liweke uji kwenye bajeti ya michezo, juu ya jezi na kombe, na watu wa lishe waitwe kwenye kikao kile kile cha watu wa mpira. Kocha naye alipwe posho yake hata miezi ambayo hakuna mgeni wa kumpiga picha.