Sanduku la Bati la Nyanya Yenu

Wajukuu wangu, mlipokuja Aprili kusafisha nyumba ya marehemu nyanya yenu kule Subukia mlifanya kazi ya kutajika, na nawashukuru. Lakini nilimkuta mmoja wenu nyuma ya jiko, kiberiti mkononi, lile sanduku la bati la kijani likiwa miguuni pake. Akaniambia, "Guka, ni makaratasi tu." Hiyo "tu" imeninyima usingizi, ndiyo maana nawaandikia.

Mnakumbuka tulivyolifungua. Juu kabisa palikuwa na risiti ya kampuni ya kununua mashamba, wino wa buluu umefifia, pini imeshika kutu na kuacha doa kama la chai. Mchwa walikwisha tafuna pembe moja. Penye sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba, ya zambarau, mistari yake imepangana kama matuta ya viazi. Hicho ni kidole cha nyanya yenu. Hakujua kuandika, lakini alijua kuweka.

Tulipopata uhuru, watu wengi wa Nakuru walikuwa maskwota au watoto wa maskwota. Sheria ya 1918 ilimdai skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Hata neno kibarua limezaliwa na karatasi: ni barua ndogo, ile aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba kazi ameifanya. Kisha wanaume wakavishwa kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, shingoni, ndani ya kikopo cha bati. Babu zenu walibanwa na karatasi za wengine miaka mingi. Kwa hiyo walowezi walipouza mashamba na watu wakachanga pesa kupitia kampuni kama Ngwataniro, Nyakinyua na Ndeffo, ile ya waliopigania uhuru wa wilaya ya Nakuru, risiti ya hisa ilikuwa karatasi ya kwanza iliyosema kwamba sisi ndio tunaodai. Msione ajabu kwamba nyanya yenu aliifunga kwenye leso na kuilaza chini ya godoro.

Mtaniuliza, si serikali inaweka rekodi? Inaweka. Makavazi ya Kitaifa yaliundwa kwa sheria mwaka wa 1965, na pale Nairobi watu huagana kukutana mbele ya jumba lake bila kuingia ndani hata siku moja. Yana kituo hapa Nakuru pia. Nendeni. Ombeni ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya, mwone jinsi walivyoandika juu ya kodi, mvua, ngano na "utulivu wa wenyeji". Nyingi ya faili hizo zilipigwa filamu, nakala zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, tangu miaka ya 1960. Inaniuma kufikiri kwamba mwanafunzi wa huko anaweza kuisoma Njoro ya zamani kabla ya mtoto wa Njoro. Lakini someni mkijua kwamba bwana DC aliandika alichokiona kutoka kwenye farasi au gari lake. Mama aliyeuza kuku kumi na wawili apate pesa ya hisa hayumo. Yumo kwenye sanduku.

Na karatasi huwa na siku yake. Wazee waliopigwa katika kambi za kizuizini za mkoloni wakati wa vita vya uhuru walisimulia miaka na miaka wakipuuzwa. Mwaka wa 2011 Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa na faili za kikoloni zilizofichwa Hanslope Park, na mwaka wa 2013 ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228. Ushahidi wa midomo ya wazee ulikuwa ule ule. Sasa ulikuwa na karatasi ubavuni. Kwa upande mwingine, Molo na Kuresoi nyumba zilipochomwa katika ghasia za kisiasa 1992, na tena 2008, masanduku mengi kama hili yaliteketea pamoja na paa. Niliwaona watu wazima wakichakura majivu kwa kijiti.

Basi fanyeni hivi. Pini zenye kutu zing'oeni taratibu, mkitumia ukucha wala si kisu. Msitie laminesheni, najua kila duka la fotokopi mjini litawashauri hivyo, lakini ile plastiki ikishashika haitoki tena, na joto lake huumiza wino. Bahasha ya karatasi kavu yatosha. Pigeni picha kwa simu, kila ukurasa na mgongo wake, mtumiane, kisha ya asili irudi sandukuni, na sanduku lipande juu ya matofali mchwa wasilifikie.

Kuna jambo moja siwezi kulifanya peke yangu. Chini kabisa mna picha ya siku ya kura ya kugawana ploti. Nyanya yenu ni wa pili kutoka kushoto, mwenye leso ya madoadoa. Wanne nimewatambua. Yule wa mwisho, aliyebeba kiondo na mtoto mgongoni, simjui, na anayeweza kumjua ni shangazi yenu wa Bahati, ambaye macho yanamwishia. Nendeni Jumamosi hii, asubuhi, wakati kuna mwanga. Jina mliandike nyuma ya picha kwa penseli, kidogo kidogo, bila kukandamiza.