Bei ya Kitabu cha Dini

Mchapishaji mdogo wa vitabu vya madrasa huuza vitu vichache: juzuu ya Amma, maelezo ya nguzo za sala, nyiradi, Barzanji, pengine kijitabu cha mirathi. Mteja wake ni mzazi anayempeleka mtoto chuoni. Hapo huzuka swali ambalo ni kongwe kuliko mtambo wa chapa: neno la Mungu lauzwaje?

Wanazuoni wa mwanzo walilitazama kwa wasiwasi. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar alichukia vikali kuuza msahafu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, biashara hiyo husihi, ingawa wapo waliosema ni makuruhu kwa muuzaji. Hoja ya walioruhusu ni kwamba kinachouzwa ni karatasi, wino, jalada na jasho la mwandishi. Maneno yenyewe hayana mtu wa kuyatia bei. Katika chapa nyingi za Bara Hindi, panapostahili kuandikwa bei huandikwa «hadiya», yaani zawadi. Ni adabu nzuri, ila fedha ni zile zile.

Hoja ya jasho ilieleweka upesi zama za kalamu. Msahafu wa Siyu, kisiwani Pate, ulioandikwa katika karne ya 18 au ya 19, kila herufi yake imepita mkononi mwa mtu. Nakala ya elfu inayotoka mtamboni haina jasho lake la pekee. Kazi imehamia kwa msahihishaji, ambaye mnunuzi hamwoni. Katika Fatiha, neno «an'amta» lina fat-ha juu ya te. Ikiteleza ikawa dhumma, lasomeka «an'amtu», na aliyeneemesha si Mungu tena bali ni msomaji mwenyewe. Alama ndogo kama unywele, na mtoto atakayeihifadhi hivyo huenda akazeeka nayo. Mzazi akilipia juzuu, zaidi ya karatasi analipia jicho lililoiona ile alama.

Haki ya kunakili ni mas-ala mengine. Desemba 1988, huko Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba haki za utunzi ni mali inayolindwa kisheria. Kwa hiyo tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, ni kazi ya mja na yaweza kuwa na mwenyewe. Matini ya Kiarabu iliyo pembeni yake haina.

Bei ikishakuwa halali, bado yuko asiyeimudu. Kwake fiqhi ina njia ya wakfu: mtu mwingine humlipa mchapishaji haki yake yote, kisha nakala huwekwa msikitini au chuoni. Kwenye ukurasa wa mwanzo huandikwa kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi.